Alama Mbili Kando ya Jina: Historia ya Bakteria Laini wa Kifua Kikuu

Mtu wa maabara anayeotesha makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu hujua mapema atakachokiona. Ndani ya kichupa amegandisha mchanganyiko wa mayai, gliserini na rangi ya kijani, uitwao Löwenstein-Jensen kwa majina ya waliouandaa, na juu ya uso wake wa mteremko amedondosha makohozi yaliyokwisha kutiwa dawa ya kuua vijidudu vingine. Kisha anasubiri. Bakteria wengi hujigawa mara mbili au tatu kwa saa. Hawa wa kifua kikuu hujigawa karibu mara moja kwa siku, kwa hiyo hupita wiki tatu, nne, hata nane, ndipo jicho lione kitu. Kinachoota ni vijibonge vikavu, vyenye mikunjo, rangi ya samli iliyoganda, mfano wa makombo ya mkate. Ukivikoroga ndani ya maji vinagoma kusambaa. Mwaka 1969, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, sampuli ya kijana mkulima wa Kifaransa wa miaka 20, mgonjwa wa mapafu, ilizaa kitu kingine: koloni za duara, nyeupe, laini, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Kwa mwenye kazi nyingi mezani, jambo hilo lina maelezo ya haraka. Kichupa kimeingiwa na uchafu. Kitupwe, mgonjwa apewe kikopo kingine. Georges Canetti hakukitupa.

Bakteria huyo leo anaitwa Mycobacterium canettii, na historia yake huweza kusimuliwa kama ushindi wa mashine: kwamba alikuwa amejificha mpaka vipimo vya DNA vilipomfichua. Naona masimulizi hayo yanatanguliza mkokoteni mbele ya punda. Kilichomwokoa bakteria huyu asipotee ni uamuzi wa kutunza kitu kisicholingana na kitabu, na jina lilikuja kama chombo cha kuhifadhia shaka hiyo hadi zana za kuijibu zipatikane. Kutambua na kutaja ni kazi mbili. Ya kwanza husema, huyu si yule. Ya pili humwezesha mtu mwingine, miaka mingine, mbele ya kichupa kingine, kusema kwamba ni huyu tena. Ya kwanza bila ya pili hufa na aliyeona. Ya pili bila ya kwanza huzaa majina matupu, na katika nchi zetu za maziwa makuu tuna mfano wake, nitakaoufikia.

Tuanze na jina la ukoo, maana lenyewe ni ushahidi. Robert Koch alitangaza jijini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemwona msababishi wa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Zopf alimpa jina la Bacterium tuberculosis, na mwaka 1896 Lehmann na Neumann wakamwingiza katika jenasi mpya waliyoiita Mycobacterium. Kipande cha kwanza cha neno hilo, kwa Kigiriki, ni kuvu. Nacho kilitokana na kuangalia tu. Bakteria hawa wakioteshwa juu ya mchuzi hutandaza utando uliokunjamana, kama ukungu juu ya uji uliolala. Kwa hiyo ukavu na mikunjo viliingia katika utambulisho wa kifua kikuu tangu mwanzo, na vizazi vya wataalamu wa maabara vilifundishwa kumjua kwa sura hiyo. Darubini haikuweza kuwasaidia kupambanua zaidi. Katika upakaji rangi wa Ziehl-Neelsen, bakteria wa jenasi hii, kwa sababu ya nta iliyo katika ngozi yao, hushika rangi nyekundu na kukataa kuiachia hata wakioshwa kwa asidi, ilhali kila kitu kingine kwenye kioo hugeuka buluu. Mkavu na mlaini, wote wawili ni vijiti vyekundu. Anayeishia kwenye darubini hawezi kujua tofauti ipo. Anaijua yule tu aliyeotesha, akangoja, kisha akaamini macho yake.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Historia ya maabara inaonyesha kinyume chake: jicho huona lile lililofundishwa kulitegemea, na ili lione jingine lazima liwe limeandaliwa. Miaka ya 1950 na 1960 iliwaandaa watazamaji wa kifua kikuu kuliko wakati wowote uliotangulia. Dawa zilikuwa zimepatikana, na pamoja nazo usugu wa dawa, hivyo haikutosha tena kuona vijiti vyekundu na kuandika cheti. Ilibidi bakteria waoteshwe ili wajaribiwe, na walipooteshwa kwa maelfu, waliotofautiana wakaanza kujitokeza. Mwaka 1953 Buhler na Pollak, huko Kansas City, walieleza bakteria wa mapafu ambaye koloni zake hugeuka manjano zikipigwa na mwanga. Miaka miwili baadaye akapewa jina la Mycobacterium kansasii. Mwaka 1959 Runyon aliwagawa wageni wa aina hiyo katika makundi manne kwa mambo mawili yanayoonekana bila darubini, yaani rangi yao na kasi yao ya kuota. Mwaka 1968 Castets na wenzake walieleza bakteria kutoka wagonjwa wa Senegal aliyesimama katikati, kati ya yule wa binadamu na yule wa ng'ombe. Huyo akawa Mycobacterium africanum. Mkulima wa Kifaransa na koloni zake laini wanaingia hapo, katika muongo ambao macho yalikuwa wazi.

Aliyezipokea koloni hizo hakuwa mtu wa kubahatisha. Canetti alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Ruse, Bulgaria, akiwa mdogo wa Elias Canetti, mwandishi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1981. Kifua kikuu alikijua kwa pande zote mbili, kwa kuwa aliugua mwenyewe, na mwaka 1946 alichapisha kitabu kizito kuhusu namna bakteria wanavyoishi ndani ya vidonda vya pafu. Mwaka 1963 yeye na wataalamu wengine waliweka utaratibu wa kupima usugu uliotumika duniani kote: otesha bakteria kwenye chakula chenye dawa na kisicho na dawa, hesabu koloni pande zote mbili, na kwa dawa kuu, kama wanaoota penye dawa wamefikia asilimia 1 ya wote, mgonjwa ahesabiwe kuwa na bakteria sugu. Utaratibu huo ni wa mtu anayehesabu koloni mojamoja na anayejua kwamba mmoja kati ya mia anaweza kuamua hatima ya mgonjwa. Fikra ya namna hiyo haiwezi kudharau koloni isiyofanana na nyingine. Canetti alifariki mwaka 1971, miaka miwili tu baada ya kupata bakteria wake laini, na kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za maisha ya kaka yake, kilichotoka 1977, kimetabarukiwa kwa jina lake. Bakteria wenyewe walibaki katika mkusanyiko wa taasisi, hawana maelezo rasmi wala hadhi ya spishi, wamefungiwa kwenye vichupa kama barua isiyofunguliwa.

Barua ilifunguliwa mwaka 1997, na kilichoifungua kilitoka upande wetu wa dunia. Dick van Soolingen na wenzake, katika taasisi ya afya ya jamii ya Uholanzi iliyoko Bilthoven, walieleza bakteria aliyepatikana kwa mtoto wa Kisomali wa miaka miwili mwenye uvimbe wa tezi. Koloni zake zilikuwa laini na za kung'aa, na ziliota upesi kuliko za kifua kikuu cha kawaida. Wakati huo maabara zilikuwa na njia mbili za kupiga bakteria chapa ya kidole. Moja hutazama kipande cha DNA kiitwacho IS6110, ambacho hujinakili hapa na pale ndani ya jenomu, na kuhesabu kimeangukia wapi. Nyingine huangalia vipande vifupi 43 vilivyopangwa mahali pamoja, na kuandika kipi kipo na kipi hakipo. Kwa bakteria wa kifua kikuu tuliyemzoea, vingi kati ya 43 huwapo. Kwa bakteria wa mtoto huyu vilikuwapo viwili tu. Jambo la uzito ni hatua iliyofuata. Chapa pekee ingesema kwamba huyu ni wa ajabu, kisha ikanyamaza. Lakini bakteria wa Canetti walikuwa bado wapo, wakapimwa, na chapa zikalingana. Mtoto wa Somalia na mkulima wa Ufaransa, waliotenganishwa na zaidi ya miongo miwili, walikuwa wameugua kwa bakteria wa ukoo mmoja. Hapo ndipo jina la Canetti lilipopata kazi ya kufanya.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mwaka 1998 ikatoka taarifa ya mgonjwa raia wa Uswisi aliyeaminika kuambukizwa Afrika. Mwaka 2002 ikatoka ya askari wawili wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa, wagonjwa wa mapafu, waliokuwa wamehudumu Djibouti. Madaktari wa jeshi la Ufaransa, ambao sampuli za Djibouti zilipitia mikononi mwao hadi hospitali ya Percy nje kidogo ya Paris, wakaanza kukusanya koloni laini moja baada ya nyingine, na ramani ikajichora yenyewe: wengi mno wa bakteria hawa wametoka Pembe ya Afrika, hasa Djibouti. Hata hivyo, mpaka jenomu zao za kwanza zilipochapishwa mwaka 2013, dunia nzima ilikuwa imekusanya chini ya 100. Mtu anaweza kusoma idadi hiyo kama ushahidi kwamba bakteria huyu ni nadra, na kwa sehemu ndivyo ilivyo. Lakini idadi hiyo pia hupima utazamaji. Djibouti ilikuwa na jambo ambalo miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki haikuwa nalo: mtiririko wa sampuli kuelekea maabara zinazootesha kila kitu na zenye watu walioambiwa wachunge koloni zinazong'aa. Palipo na jina, watu hutafuta, wanapotafuta, hupata, wakipata, jina hukomaa.

Hapa atasimama mtu wa kliniki na pingamizi la haki. Mgonjwa anayekohoa damu, atasema, hahitaji jina la Kilatini. Anahitaji vidonge, na vidonge ni vilevile. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama lingekuwa kweli mpaka mwisho. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huanza kwa miezi miwili ya dawa nne, isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya mbili za kwanza. Mycobacterium canettii ni sugu kwa pirazinamidi kwa maumbile yake. Hakujifunza usugu huo kwa sababu mgonjwa aliacha dozi, amezaliwa nao, kama ndugu yake wa ng'ombe, Mycobacterium bovis. Kwa hiyo mgonjwa wake anameza dawa nne lakini anatibiwa na tatu, na asiyejua jina hawezi kujua hesabu hiyo. Jina linabadilisha pia maswali yanayoulizwa nyumbani kwa mgonjwa. Mwenye kifua kikuu cha kawaida akigundulika, muuguzi huwafuata wanaolala naye chumba kimoja, kwa maana ugonjwa hupita katika pumzi. Kwa canettii haijathibitishwa kwamba amewahi kutoka kwa mtu hadi mtu, na madaktari waliofuatilia wagonjwa wa Djibouti wanashuku kuwa ana makao mahali fulani katika mazingira. Swali basi linahama kutoka nani alikohoa karibu nawe kwenda ulikuwa wapi, na uligusa au ulivuta nini. Bila jina lake mwenyewe, wagonjwa hawa wangemezwa katika safu ya jumla ya takwimu, na swali hilo la pili lisingeulizwa.

Pingamizi la pili ni la mtu wa vinasaba. Yeye husema kwamba jicho la Canetti liliona mng'ao tu, na maana ya mng'ao ilitolewa na DNA. Ni kweli kwamba maana ilikuja baadaye, na ilikuja kwa wingi. Mwaka 2005 Cristina Gutierrez na wenzake walisoma jeni chache za bakteria laini wa Djibouti wakakuta zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko wanavyotofautiana bakteria wote wa kifua kikuu wa kawaida duniani, na wakadai kwamba laini hawa ni mabaki ya kizazi cha kale, pengine cha miaka milioni tatu, ambamo kifua kikuu cha leo ni tawi moja lililotoka na kuenea. Umri huo ulipingwa mwaka mmoja baadaye, kwa hoja kwamba ukongwe wa ndugu si ukongwe wa ugonjwa wenyewe. Jenomu za 2013 ziliimarisha sehemu kubwa ya picha: laini wana DNA ndefu kidogo, wanabadilishana vipande vya jeni wao kwa wao, jambo ambalo kifua kikuu cha kawaida kimeacha, na ndani ya panya wa maabara hawadumu wala hawadhuru kama wenzao wakavu. Mwaka 2016 ikapatikana hata sababu ya mng'ao. Laini wana jeni mbili zinazofanana, zote huitwa pks5, zenye jeni nyingine katikati yao, na kwa pamoja hutengeneza mafuta yenye sukari yanayofunika ngozi. Jeni hizo mbili zikiungana kuwa moja, mafuta hukoma, na koloni hugeuka kavu yenye mikunjo. Mycobacterium tuberculosis anayo moja tu.

Ukiupima vizuri ushahidi huo, unaegemea upande wa jicho. Sifa ileile aliyoiona Canetti mwaka 1969, ambayo kitabu cha maabara kingeiita uchafu, ndiyo iliyogeuka kuwa alama ya mojawapo ya mabadiliko ambayo huenda yalimfanya bakteria wa kifua kikuu awe muuaji wa binadamu. Mikunjo ambayo Lehmann na Neumann waliifanya jina la ukoo mzima ni tukio la baadaye katika ukoo huo, na ulaini ndio wa kwanza. Mashine ilieleza sababu, lakini ilieleza sababu ya kitu kilichokuwa kimewekwa kwenye kabati kwa miongo. Hakuna kipimo cha DNA kinachoweza kusoma kichupa kilichotupwa. Tena vipimo vipya, kwa wema wake wote, vinaweza kupofusha. Mashine ya GeneXpert, iliyoenea katika hospitali zetu, hutafuta kipande cha jeni ambacho jamii nzima ya bakteria wa kifua kikuu wanacho, na kabla ya saa mbili kwisha humwambia daktari kwamba kifua kikuu kipo na kama rifampisini itafaa. Imeokoa watu wengi waliokuwa wakisubiri majibu mpaka wanazikwa. Lakini imeundwa kujibu maswali mawili, na ulaini wa koloni hauko kati yake, kwa kuwa hakuna koloni iliyooteshwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, na linatoka kwa wanaojua madhara ya majina. Wao husema kwamba anayependa kutaja huona tofauti hata isipokuwapo. Mfano upo Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza waligawa africanum katika aina mbili kwa majaribio ya kikemia, ya kwanza ikihusishwa na Afrika Magharibi na ya pili na Afrika Mashariki. Kwa miaka zaidi ya 20 maandishi yalijaa africanum aina ya pili, na wagonjwa wengi wa Uganda wakahesabiwa kuwa nayo. DNA iliposomwa, ikaonekana kwamba hawakuwa na africanum yoyote. Walikuwa na Mycobacterium tuberculosis, wa tawi moja lililostawi Uganda. Majaribio yalikuwa sahihi, ila yalipima tabia, na tabia mbili zikifanana hazifanyi udugu. Kwa kutazama makosa kama hayo, na kwa kuona jinsi DNA za jamii hii zinavyofanana, kundi moja la watafiti lilipendekeza mwaka 2018 kwamba bakteria wote hawa wahesabiwe kuwa spishi moja, na majina ya zamani yabaki kuwa ya aina tu ndani yake.

Pendekezo hilo lina mantiki, na sioni kwamba linavunja hoja ninayoitetea, linaitia adabu. Jina linalotunza shaka lina wajibu wa kukubali kufutwa shaka ikijibiwa. Africanum aina ya pili lilikuwa jina jema hadi siku liliposhindwa mtihani, na liliposhindwa likaondoka, likiwa limetuachia jambo la kweli: kwamba bakteria wa Uganda wana tabia yao. Canettii limepita mitihani iliyolishinda jina lile. Kila zana iliyokuja, kuanzia chapa ya vipande 43 hadi jenomu nzima, iliikuta tofauti palepale jicho lilipoiweka, na kila mara ikaikuta kubwa zaidi. Kama siku moja itaamuliwa kwamba ni aina ndani ya spishi, itabaki aina yenye ushahidi wake. Na kwamba kazi ya kutambua haijaisha kunathibitishwa na jirani zetu: mwaka 2020 ilitangazwa nasaba mpya kabisa ya bakteria wa kifua kikuu, iliyojulikana kwa wagonjwa wawili tu, mmoja wa Rwanda na mmoja wa Uganda. Ilijitokeza wakati wagonjwa wenye usugu wa rifampisini wakichunguzwa kwa undani. Nasaba hiyo bado ina jeni iitwayo cobF, ambayo canettii pia anayo na ambayo jamii nyingine yote ya kifua kikuu imeipoteza. Isingewezekana kuielewa kama asingekuwapo canettii wa kulinganisha naye. Hao wapya hawakupewa jina la mtu wala la nchi. Wanaitwa nasaba ya nane, namba tu.

Namba inatupeleka kwenye lawama ya mwisho, kwamba bakteria wa Pembe ya Afrika amebeba jina la mzaliwa wa Ruse aliyefanya kazi Paris, ilhali Djibouti na Somalia hazimo. Lawama hii ina ukweli. Njia waliyopita vichupa ilikuwa njia ya dola: Djibouti ilikuwa chini ya Ufaransa hadi tarehe 27 Juni 1977, majeshi ya Ufaransa yakabaki baada ya uhuru, na sampuli zikafuata meli na ndege zilezile. Majina mengi ya jenasi hii yana kasoro hiyohiyo: yanarekodi mahali alipokaa mtazamaji, si makao ya bakteria. Kansasii hakai Kansas tu. Mycobacterium xenopi aliitwa hivyo mwaka 1959 kwa kuwa alionekana kwanza kwenye chura wa Afrika wa jenasi ya Xenopus, kisha akaja kugundulika kwenye mabomba ya maji moto ya mahospitali. Lakini dawa ya kasoro hiyo haiko katika kubandika jina la nchi. Africanum limeonyesha bara zima linavyoweza kubebeshwa ugonjwa wa pembe yake moja, na hakuna mji unaofurahia kuwa jina la maradhi. Afadhali jina la mtu aliyekataa kutupa kichupa, maana linasema wazi linachokirekodi, nacho ni kitendo. Deni la Djibouti linalipika kwa njia nyingine, kwa maabara za mwambao wenyewe kuotesha, kutunza na kuandika, ili jina lijalo litolewe na aliyekaa karibu na mgonjwa.

Na liko jambo moja katika uandishi wa jina hili ambalo msomaji wa majarida ya sayansi hulikuta bila kulitilia maanani. Sheria ya kimataifa ya majina ya bakteria ni kali: orodha ya majina halali ilianza upya mwaka 1980, na jina jipya, ili likubalike, lazima lifafanuliwe kwa utaratibu maalumu na bakteria wa mfano awekwe katika hifadhi zinazotambulika, zilizo katika nchi tofauti. Africanum lilikuwamo katika orodha ya 1980. Canettii halikuwamo, wala halijaingizwa tangu hapo. Kwa hiyo bakteria huyu yuko kama mtu anayejulikana mtaa mzima, anaitwa akaitika, amesomeshwa akaandikwa vitabuni, lakini akifika ofisi ya vizazi hana cheti. Ndiyo maana waandishi waangalifu humwandika ndani ya alama mbili za kunukuu, "Mycobacterium canettii", kuonyesha kwamba jina linatumika na hukumu haijatolewa. Wengine huona aibu kwamba baada ya miongo mitano bakteria aliyesomwa herufi kwa herufi bado amefungiwa ndani ya alama hizo. Mimi naziona kuwa muhtasari mwaminifu wa habari yake yote. Zinasema kile kilichosemwa na kichupa cha 1969: huyu si yule, mtunzeni, bado hatujamaliza naye.